Gaju Hakuwa Minerval

Mama Neema alipiga magoti kwenye changarawe ya geti, na Kocha Deo akaangalia saa yake.

Hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote za kazi yangu ya ukocha, na haikuwa hata siku ya mechi. Tulikuwa watatu nje ya ukuta wa akademia ya mpira kule Kakiika, Mbarara: mimi, Mama Neema, na Neema mwenyewe, binti wa miaka kumi na sita, amesimama kwa magongo. Godoro lake lilikuwa limekunjwa, limefungwa kamba na kutupwa pembeni ya ukuta kama takataka zinazongoja gari. Goti lake la kushoto lilikuwa limevimba kama papai. Kwa ndani tulisikia wenzake wakipiga mpira. Hakuna aliyetoka kumuaga.

"Deo, mwanangu," Mama Neema akasema, "sitaki kintu ingine. Unipe tu ndama yetu. Niiuzishe, mutoto apasuliwe goti."

"Ndama gani, mama?"

"Ndama ya Gaju. Ile ngombe tulikupa."

Deo akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayejua kuna wageni karibu. "Mama, ile ngombe ilikuwa minerval. Ulilipa minerval, mutoto akala, akalala, akacheza. Ilishaisha."

Minerval, kwa asiyesoma Kongo, ni ada ya shule. Ni neno la karani na dirisha. Unalipa, unapewa risiti, mnaachana. Mama Neema alibaki pale chini, mdomo wazi, kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto aliyemnyonyesha.

Mimi nilikuwa nyuma yake, na sasa nimeacha kazi, hakuna wa kunifukuza, kwa hiyo nitaandika ukweli. Kitu cha kwanza nilichokiona siyo goti la Neema. Niliona viatu vya Deo. Vyeupe. Katika vumbi lote lile la Kakiika, vyeupe pepepe.

Askari wa geti akaja na fimbo yake. "Nyinyi toka hapa, wageni nakuja. Mzee, sebo, songa basi."

Tukasonga.

Nawaandikia ninyi makocha vijana mnaobaki na watoto hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Nilifika darasa la nne, kisha vita ikafunga shule na mwalimu pamoja, basi mnisamehe herufi. Wanaoandika vizuri ni wengi, lakini hawakuwepo.

Nilitoka bonde la Ruzizi, upande wa Uvira, na sufuria moja na mke mwenye mimba. Ndugu zangu wawili walibaki njiani. Sitaandika namna gani, hii ni habari ya mpira. Tulipewa kiwanja cha nyumba na plastiki ya kuezekea, na mbele ya kiwanja kulikuwa na uwazi wenye miiba ambao hakuna aliyeutaka. Nilianza kung'oa miiba kwa sababu nilikuwa siwezi kulala, na mtu asiyelala bora afanye kazi. Watoto wakaja kuangalia mwendawazimu. Siku ya tatu mmoja akaleta jembe. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Magoli yalikuwa miti ya mikaratusi. Yaliibiwa na kupikiwa maharage, tukasimamisha mengine, yakaibiwa. Mwisho nikajifunza: kila mazoezi yakiisha, magoli yanang'olewa na kulala chini ya kitanda changu. Mke wangu alisema ameolewa na uwanja. Mistari tulichora kwa majivu. Kila mtoto alitakiwa kuja na mkebe wa majivu kutoka jiko la mama yake, na asiyeleta hachezi. Watu waliona ni mchezo, lakini kwa mkebe ule nilijua nyumba ipi haikupika jana. Mtoto akija na mkebe mtupu siku mbili, sikumkimbiza sana. Hilo hamtafundishwa kwenye kozi yoyote, lichukueni.

Aliyenifundisha kazi ni Afande Kato, askari mstaafu wa hapa Uganda, aliyekuwa na kibanda cha makaa kando ya barabara. Alinisikia nikiwaita watoto kwa mluzi wa mdomo, akavuka barabara.

"Wewe Kongo! Hiyo ni watoto ama ni mbuzi?"

"Ni watoto, afande."

"Sasa mbona napigia yao mluzi ya mbuzi?" Akatoa filimbi ya chuma mfukoni, akaipangusa kwa shati. "Kamata. Lakini sikiliza. Usipige mingi. Ukipiga mingi, hawa nasikia kelele. Ukipiga moja, hawa nasikia wewe."

Nimeitumia filimbi ile mpaka mwezi uliopita. Afande alikufa akiwa bado ananidai makaa, na nadhani alipenda ibaki hivyo.

Viatu vya mpira tulipata jozi moja, vilitoka kwa wageni waliokuja kupiga picha. Jozi moja kwa timu nzima. Tukaamua: kiatu cha kulia kinavaliwa na anayepiga kwa kulia, cha kushoto na anayepiga kwa kushoto, mguu mwingine uchi. Sheria hairuhusu, lakini refa nilikuwa mimi. Cha kushoto kilikuwa cha Neema. Alikuwa na miaka tisa, mfupi, ana hasira, anakimbia kama mwenye kilema kwa sababu ya kiatu kimoja, na kila kipa wa Nakivale alikijua kile kiatu kwa uso wake. Mimi ndiye nilimwona. Alikuwa anapiga teke bidon tupu la maji njiani kwenda kisimani, na bidon ilikuwa inakwenda fasi aliyotaka. Nilimfuata mpaka kwao. Mama yake, mjane, mtu wa wachungaji wa ng'ombe wa mlimani, alinipa maziwa na kuniuliza kama nimepotea njia.

Deo naye nilimwona mimi. Hilo mliweke akilini. Alikuwa beki wa timu yangu ya kwanza kabisa, mtoto wa wachungaji wale wale, maneno mingi, miguu kidogo. Amekunywa maziwa kwenye nyumba ya Mama Neema tangu hajui kufunga kaptula. Nilimfanya msaidizi wangu kwa sababu alijua Kiingereza na hakuogopa wakubwa. Wakati huo aliniita Papa Kocha. Alikuwa ananibebea magoli.

Kisha ikaja kozi ya makocha Mbarara. Nafasi ilikuwa moja. Wakasema aende anayejua Kiingereza. Nilimpa Deo shati langu la kanisani aende nalo. Alirudi na kofia, na koni za rangi ya machungwa, na namna mpya ya kusimama, mikono kiunoni. Miezi michache akahama kabisa. Tukasikia amepata mfanyabiashara wa mjini, wamefungua akademia, wana timu za wavulana na wasichana katika ligi ya vijana, ile ligi ya Jumamosi ambayo watoto wa shule kubwa wanacheza na watu wanakuja kutafuta vipaji.

Sikulala vizuri. Mke wangu aliniuliza kama ni malaria. Nilisema ndiyo.

Alirudi Nakivale na gari. Pasta Eliya, huyu namtaja kwa jina kwa sababu naye atajibu, alimpa mimbari Jumapili nzima. Deo akasema watoto watakula mara tatu, watalala kitandani, watacheza kwenye nyasi, na kuna wazungu wanaangalia. Pasta akasema amina. Kilichotakiwa kwa wazazi, Deo hakukisema kwenye mimbari. Alikisema nyumba kwa nyumba, jioni, kwa sauti ndogo.

Na watu wakatoa! Hapo ndipo wivu wangu ulipoota meno. Niliona baba mmoja akiuza baiskeli aliyochukulia mizigo, yaani aliuza miguu yake ili kumnunulia mwanawe miguu. Niliona bati zikishuka kwenye nyumba na plastiki ikirudi. Niliona mama akitoa mtama wote wa msimu. Watu hao hao, miaka yote ile, nimewafundishia watoto juani, nimewafunga vidonda, nimewarudisha nyumbani wakati wa mvua, na hakuna aliyeniletea hata yai. Yai! Sikuomba, ni kweli. Nilidhani mtu akiona atatoa. Deo aliomba, akapewa. Ninyi vijana, msifanye bure mpaka watu wasahau kwamba ni kazi.

Mama Neema hakuwa na baiskeli wala bati. Alikuwa na Gaju.

Gaju alikuwa ng'ombe mwekundu wa kahawia, mpole, pekee katika nyumba ile, na alikuwa na mimba. Alimpa Deo. Lakini hakumpa kama mtu anayelipa. Kwa wachungaji wale wa mlimani, ng'ombe wa kupewa hana bei. Ukimpokea umefungwa. Ndama jike wa kwanza anarudi kwa aliyekupa, na baada ya hapo nyumba zenu ni moja, mtoto wake hawezi kupata shida ukaangalia pembeni. Ndiyo maana alimpa. Hakuwa ananunua mpira, alikuwa anamtafutia binti yake mjomba kule mjini.

Sherehe ilifanyika uani kwake. Deo alishika kamba ya Gaju, akainamisha kichwa, akasema kwa kilugha chao na kisha kwa Kiswahili ili sisi wengine tusikie: "Mumenipa ngombe. Kuanzia leo niko mutoto ya hii nyumba." Watu wakapiga makofi. Jirani mmoja, Mama Sifa, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, asiyejua kunyamaza, akapaza sauti:

"Haya mambo! Mupira inaoa binti, na nyumba ya binti ndiyo inatoa ngombe!"

Tukacheka wote, hata Mama Neema. Mimi nilicheka kwa meno tu. Nilikuwa naangalia ile kamba mkononi mwa Deo. Mkono ule nilikuwa nimeufundisha kurusha mpira wa kuingiza.

Watu walipotawanyika nilimvuta Mama Neema pembeni. "Mama, mwite arudi. Aseme mbele ya bantu kama hii ni urafiki ama ni malipo."

Akaniangalia kama nimetema mate kwenye maziwa. "Papa Kocha, mutu haulizwe vile. Ukiuliza tu, ngombe inageuka bei. Deo ni mutoto yetu, anajua."

"Anajua, ndiyo. Ndiyo maana naogopa."

"Weye si uoga. Weye ni wivu. Utakufa nayo."

Nimekaa na maneno yale. Alikuwa amesema kweli, na mimi pia nilikuwa nimesema kweli, lakini ukweli wa mwenye wivu hausikilizwi.

Mwaka uliofuata nilikwenda kuangalia mechi. Nilijiambia ninakwenda Mbarara kununua dawa ya kuku. Uwanja wa Kakiika, jamani. Nyasi. Mistari ya chokaa, imenyooka, hakuna jivu la mtu. Wazazi wa Kamukuzi, mtaa wa matajiri wa mjini, walikuja na magari, wakafungua viti vya kukunja, chupa za chai, miavuli mikubwa, na walikuwa wanagombana na refa kwa Kiingereza kama watu waliolipia ushindi. Kwao ada ile ni kitu cha kusahau kabla ya chakula cha mchana. Nilitafuta kosa. Nilitamani nione watoto wana njaa, makocha wanapiga, mpira mbovu. Sikuona. Walikuwa wanafundishwa vizuri. Neema alikuwa amenenepa mashavu na ana viatu viwili.

Mama mmoja aliyekaa kwenye kiti cha kukunja akanipa maji. "Mzee, mtoto yako iko namba gani?"

"Kumi na moja," nikasema.

"Ooo! Huyo iko hatari! Wewe ndiyo baba?"

"Ndiyo," nikasema, na nilikunywa yale maji kama baba.

Alifunga goli kwa kushoto, mbali, kipa hakusogea. Niliruka. Kisha nikakumbuka Deo naye anaruka upande wa pili, nikakaa. Mechi ilipoisha Neema akaja mbio.

"Papa Kocha! Uliona?"

"Niliona. Unapokea mupira bila kuangalia nyuma."

Akacheka, kwa sababu ananijua. "Kuja nikuonyeshe mutu."

Akanipeleka nyuma ya uwanja, kwenye zizi la Mnyankore mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe za watu. Gaju alikuwepo, na chini ya tumbo lake ndama jike, mwekundu kama mama yake, na doa jeupe kwenye paji la uso. Mchungaji akasema, "Hii ni ya Kocha Deo. Imezaa muzuri." Deo alikuwa ametufuata. Akasimama mikono kiunoni.

"Papa Kocha, umeona mali yangu?"

"Nimeona mali yako. Na ndama ya Mama Neema pia nimeiona."

Neema alikuwa akimkuna ndama masikio. "Itarudi," Deo akasema. "Ikiacha kunyonya, itarudi. Nitaileta mimi mwenyewe."

Aliyasema hayo, Neema yupo, mchungaji yupo, mimi nipo. Yeye hatuwezi kumlazimisha kukumbuka, lakini sisi tunakumbuka.

Ndama aliacha kunyonya, akaanza kula majani, na hakurudi. Mama Neema hakuuliza. Kwao hauulizi. Unangoja, na mwenzako anajua unangoja, na aibu inamfikisha. Namna hiyo ya kuishi ni nzuri sana kwa watu wenye aibu.

Kisha goti. Neema aliumia kwenye mazoezi, goti likalia kama kijiti. Kulikuwa na mechi kubwa mbele na wageni wa kuangalia vipaji. Neema mwenyewe alinieleza: Deo alimwambia afunge bandeji, ameze kidonge, acheze tu kipindi cha kwanza. Akacheza. Akamwambia cha pili. Akacheza. Mechi iliyofuata akaanguka bila kuguswa na mtu. Mimi sina cheti, lakini mtoto akianguka bila kuguswa, mpira umekwisha siku hiyo. Hilo hata mke wangu analijua.

Hospitali kule Ruharo walimwangalia kwa upole, sina neno baya. Wakasema kamba ya ndani ya goti imekatika, inabidi apasuliwe, na asiposhughulikiwa atachechemea maisha yake yote. Siku chache baadaye tulipigiwa simu kuja kuchukua godoro. Ndipo ikawa ile siku ya geti niliyoanza nayo.

Baada ya kufukuzwa pale nilizunguka nyuma, kwenye zizi. Mchungaji alinitambua. Hakutaka kuniangalia.

"Ile ngombe mama ilienda soko," akasema. "Ilienda kuchinjwa."

"Na ndama?"

"Kocha ilikuja na gari, ikachukua. Usiku ile ile mtoto ilienda hospitali. Mimi sijui wapi. Mimi ni wa kuchunga tu, sebo."

Kwa hiyo alijua, ninyi vijana. Mtu anayeamini ng'ombe ni minerval hamfichi ndama.

Tulirudi Nakivale nyuma ya gari la mizigo, godoro likiwa chini ya mguu wa Neema ili usigongwe. Njiani akaniuliza, "Papa Kocha, nikipona, kile kiatu ya kushoto kingalipo?" Nilimwambia kipo. Kipo chini ya kitanda, pamoja na magoli. Hakimtoshi tena.

Tulikwenda kwa Pasta Eliya. Alitukalisha, akatuombea vizuri, akasema, "Tumwachie Mungu hii mambo."

Mama Sifa wa ndagala, aliyekuja bila kuitwa, akamjibu kabla yangu: "Pasta, Mungu hakupewa ngombe."

Mwezi uliopita nilimpa kijana mmoja wa zoni yetu ile filimbi ya Afande Kato. Magoti yangu yamekwisha, na kifua hakipendi majivu tena. Nilimwambia asipige mingi. Siku hiyo baadhi ya wazazi walisema Papa Kocha anaacha kazi kwa sababu ya wivu, kwamba tangu Deo afanikiwe sijacheka. Ni kweli. Nina wivu wa nyasi zake. Nina wivu wa chokaa yake, wa viatu vyake, wa wale wazazi waliouza bati kwa ajili yake na kwangu wakaleta majivu. Nina wivu hata wa ile kamba, maana kama Mama Neema angenipa mimi Gaju, leo ndama angekuwa uani kwake na Neema angekuwa ameshapasuliwa. Nimeshaukubali wivu, kwa hiyo msinijibu kwa wivu. Mnijibu kwa ndama.

Deo, najua utasoma haya, utasomewa kama hutaki. Ulishika kamba mbele yetu, ukasema wewe ni mtoto wa nyumba ile. Njoo Nakivale, mchana, si kwa gari la jioni. Pasta Eliya atakuwepo, kwa kuwa yeye ndiye aliyekupa mimbari. Hatutakuuliza habari za ligi, wala nani ana cheti. Neema atakaa kwenye kiti, mguu mbele yake, na mama yake hatasema kitu, kwa sababu kwenu hawaulizi.

Mimi si wa kwenu. Mimi nauliza. Ndama jike, mwekundu, doa jeupe kwenye paji: umempeleka wapi?